Mawe ya Kunyooshea Nyumba

Jumatatu, 2 Juni

Mwenye nyumba amekuja asubuhi, kofia mkononi. Nikajua kuna jambo. Mtu huyu nadhani hulala na kofia. Akasema binti yake anarudi na watoto watatu, ndoa imemshinda, na hana pa kuwaweka ila vyumba vyetu viwili. Tumpishe ifikapo mwisho wa mwezi. Akaomba radhi mara nne. Nusura alie. Ikabidi nimbembeleze na kumpa chai. Ndivyo nilivyo. Mtu ananifukuza, nami namwongezea sukari.

Mke wangu alikuwa anashona. Aliposikia, mguu wake ukaacha kukanyaga. Cherehani hiyo haijanyamaza mchana tangu tuoane, labda siku za uzazi na za misiba. Nikaelewa kuwa mambo yamekuwa mambo.

Akasema kaka yake ana vyumba viwili vitupu.

Thubutu! Naandika hapa isije ikasahaulika. Mimi ni mwashi. Nimejenga nyumba arobaini na moja, shule mbili na ukuta wa makaburi. Shemeji, karani wa kalamu mfukoni, mtu aliyekula mezani kwangu, miaka kumi na mmoja iliyopita alipotaka kujenga alimwita mwashi mwingine. Mwingine! Tangu siku hiyo nikienda kwake nakaa barazani. Ndani siingii ng'o.

Nikamwambia mke wangu nitamjengea nyumba yake mwenyewe. Akauliza wapi, maana kiwanja hatuna. Swali la haki. Nyumba arobaini na moja, na hakuna tofali ninaloweza kuliita langu. Iliniuma, sifichi.

Nikatoka kumwaga maji ya kunawia. Yakateremka mtaroni, yakaelekea mtoni. Nikabaki nimesimama na beseni tupu. Mto! Nani ana hati ya mto?

Jumanne, 3 Juni

Nimechora nyuma ya kalenda ya mwaka jana. Chumba kimoja, hatua tano kwa nne. Madirisha mawili. Mlango unaofungukia ukingoni. Chini, mapipa manane ya plastiki yenye kubeba yote. Pembeni nikachora cherehani, na kanyagio lake, ili mama watoto ajue sijamsahau.

Ameitazama muda mrefu. Akauliza msingi uko wapi. Nikamjibu msingi ni maji. Akaitazama tena.

Kisha akasema sharti lake. Cherehani ni ya marehemu mama yake, chuma kitupu, miguu minne mizito. Ikisimama kwenye sakafu iliyopinda kanyagio linaruka na mshono unakwenda upogo, na mtu aliyeleta kitambaa chake hataki hadithi za mto. Akavuta droo, akatoa gololi. Ya kijani. Ya kitinda mimba wetu, ambaye sasa ni mtu mzima na anafanya kazi mbali. Akasema siku gololi hii itakapotulia kwenye sakafu yangu, ataingia na cherehani yake na hatauliza neno. Isipotulia, anakwenda kwa kaka yake.

Nikamuuliza, nami je? Akasema hilo nitaamua mwenyewe.

Tukapeana mikono kama watu wa mkataba. Sakafu iliyonyooka! Ananiambia mimi! Nimenyoosha sakafu tangu sina ndevu.

Alhamisi, 5 Juni

Nimepita kwa fundi wa mitumbwi, yule tunayemwita Lami kwa sababu mikono yake haijawahi kuwa na rangi nyingine. Sikwenda kuomba ushauri. Nilikwenda kuona tu.

Akauliza mapipa mangapi. Nikasema manane. Akafikiri, akasema yatatosha watu wawili wanaokaa. Nikamweleza kuwa nyumbani watu hawakai tu, hutembea, husimama, huenda kufungua dirisha. Akasema hapo ndipo penye kazi. Nikamuuliza amejenga kuta ngapi maishani. Akakiri hajajenga hata mmoja. Ila na yeye, akasema, hajaona ukuta unaoogelea.

Nikaondoka bila kuaga. Mtu mwenye kijicho utamjua tu.

Jumatano, 11 Juni

Siku sita sijaandika. Kazi! Mapipa nimeyapata kiwanda cha sabuni, bado yananukia. Nimeyafunga chini ya fremu ya mbao, safu mbili, kamba juu ya kamba. Kuta za plaiwudi. Paa la mabati. Ndani benchi mbili, moja kushoto, moja kulia. Nafanyia kazi ukingoni, nyuma ya tanuri la zamani la matofali, pale mto unapopinda na maji yamelala.

Naungama jambo moja. Kujenga bila tofali kumenitesa. Juzi nilishika mwiko nikauangalia, nikahisi kama mtu anayemwona mkewe wa ndoa akiwa kwa mwingine. Basi nimeweka kozi moja ya matofali mlangoni. Kozi moja tu, mstari mmoja, kwa saruji nzuri, kwa heshima ya nyumba.

Lami alipita. Akayahesabu matofali kwa kidole, akaenda zake. Bora angetukana.

Jumamosi, 14 Juni

INAELEA.

Majirani wamesukuma, nami nikiamuru kutoka juu ya jiwe. Ikateleza kwenye magogo, ikaingia mtoni, ikazama kidogo, ikainuka, ikatulia. Nyumba! Nimelia. Nasema wazi, nimelia mbele ya watu. Umri wangu ni miaka hamsini na tisa na ni mara ya kwanza natazama mlango na kujua hakuna wa kunigongea aniambie nitoke.

Shemeji alikuja, kalamu mfukoni. Akapiga makofi polepole, kwa adabu. Akanipongeza kwa sauti yake ile ya ofisini. Kisha akauliza kama najua kuogelea. Sijui. Lakini nani kamuuliza yeye kama anajua kujenga?

Walipoondoka nikaingia na pimamaji yangu. Nikasimama upande wa kushoto, nikaiweka sakafuni. Kipovu kikakimbilia kulia. Sawa. Kila mwashi anajua kipovu hukimbilia palipo juu. Kulia kumeinuka. Nikachukua jiwe pale kwenye tanuri, jiwe zuri la msingi, nikaliweka kulia chini ya benchi. Nikaandika kwa chaki: 1. Nikabaki kulia, nikapima tena.

Kipovu kikakimbilia kushoto! Ala! Basi jiwe kushoto: 2. Nikapimia huko. Kumbe sasa kulia kumeinuka tena.

Mpaka jua linazama nimeweka mawe sita. Si kitu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Jumatatu, 16 Juni

Mawe kumi. Bado.

Nimekaa kwenye benchi la kushoto nikafikiri sana. Kasoro haipo kwenye nyumba. Nimepima fremu kwa futi kamba, nimepima kona kwa kona, zote sawa sawa. Kwa hiyo kasoro ipo mtoni. Mto huu umeinama kuelekea pale nilipo. Nilipohamia benchi la kulia, ukainama huko. Mto wenye tabia mbaya kiasi hiki sijauona.

Jioni nilijisemea kwa sauti, nikiwa karibu na karakana ya Lami, kwamba nashangaa mto wenye upogo wa kuhamahama. Sikumuuliza. Akajibu bila kuulizwa. Akaweka chini tezo lake la kuchongea na kuniita mzee wangu, kwa heshima. Akasema nitoe mawe yote, nichague mahali pamoja pa kukaa, na mama naye achague pake upande wa pili, ndipo nitaona. Chombo hakitaki mawe, akasema, kinataka watu waliotulia.

Nikamwambia miaka thelathini na tano sijawahi kumkabidhi mtu nyumba nikamwagiza achague pa kukaa. Nyumba ndiyo humfuata mtu. Akatikisa kichwa, akarudi kwenye mtumbwi wake.

Jiwe la 11 nimelibeba peke yangu. Mgongo!

Alhamisi, 19 Juni

Leo nataka niandike polepole.

Mke wangu amekuja kuona nyumba. Mara yake ya kwanza kuingia. Amekuja na chupa ya chai, vikombe viwili na ile gololi. Akavua viatu mlangoni, juu ya matofali yangu. Akagusa ukuta. Akafungua dirisha, akasema maji yanaonekana vizuri. Moyo ukanivimba.

Akainama, akaiweka gololi sakafuni. Ikabingirika, ikaja ikagonga kidole changu cha mguu.

Nikahamia dirishani. Ikanifuata. Nikaenda mlangoni. Ikageuka, ikanifuata. Kama kifaranga! Mke wangu akacheka. Alicheka mpaka akashika benchi, machozi yakamtoka, akanambia anajua sasa nani anaipinda hii nyumba. Kicheko kile sikuwa nimekisikia siku nyingi. Nikamweleza kuwa gololi zenyewe za siku hizi hazina mduara kamili. Akanikumbusha kuwa hii ni ya miaka ishirini iliyopita.

Akaacha kucheka. Akaniambia nikae pale, kwenye benchi la kushoto. Yeye akakaa la kulia, tukaangaliana. Akamimina chai. Tukanywa.

Tukazungumza. Sijui tulianzia wapi. Chumba chetu cha kwanza, paa lilivyovuja na yeye akashona turubai kwa mkono kwa sababu lilikuwa nene mno kwa cherehani. Kitinda mimba alivyomeza kifungo. Mama yake alivyokuwa akiniita fundi hata siku ambazo sina kazi. Akasema kuna miaka aliyokuwa ananiona mgongo tu, maana kila akigeuka mimi nimeinama, nakaza hiki, nalinganisha kile. Alisema bila hasira. Nikamwambia kazi ndiyo ilivyo. Akasema anajua.

Akaniangalia, akaweka kidole mdomoni, akaonyesha chini.

Gololi ilikuwa katikati ya sakafu, baina ya miguu yake na yangu. Imetulia. Tuli! Haikutikisika hata chembe.

Lo! Jiwe la 13! Nililiweka leo alfajiri, upande wa nyuma, kwa kubahatisha tu! Nikaruka kwenda kuliwekea alama. Nyumba ikayumba, kikombe kikapinduka, chai yote ikamwagikia gauni lake, na gololi ikatokomea chini ya benchi.

Hakupiga kelele. Akasema maneno mawili tu, kwamba ningekaa tu. Nikamfafanulia kuwa chai imemwagwa na kuruka kwangu, si na sakafu, sakafu haina hatia. Akakusanya vikombe, akaitafuta gololi, akaenda zake na gauni lililolowa.

Ila imetulia! Ameona kwa macho yake. Ahadi ni deni.

Nitaongeza mawe mengine machache. Ya kuzuia athari za kuruka.

Jumapili, 22 Juni

Mawe kumi na saba. Nyumba sasa ina uzito wa nyumba. Ukiikanyaga hailalamiki sana. Maji yamepanda mpaka kwenye kozi ya matofali, jambo linalothibitisha kwamba matofali yalihitajika. Laiti Lami angekuwa na haya, angekuja kuniomba msamaha.

Shemeji amekuja badala yake. Akasimama ukingoni, akakataa kuingia, akasema ana suruali ya kazini. Siku ya Jumapili! Kisha akaninong'oneza kwamba amepaka rangi vile vyumba viwili. Eti endapo. Nikamuuliza rangi gani. Akasema buluu, kwa sababu dada yake alipenda buluu tangu utotoni.

Akaondoka. Nikabaki nimesimama. Mimi nimepaka kuta zangu chokaa nyeupe, kama ninavyopaka za watu wote. Miaka thelathini na nne nalala na mwanamke huyu. Buluu. Nilikuwa nimesahau, au labda sikuwahi kujua, na sijui lipi baya zaidi.

Nimeongeza mawe mawili.

Jumatano, 25 Juni

Naandika nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Suruali inakauka.

Leo ilikuwa siku ya kuhama. Mke wangu amesema gololi ilitulia, aliiona, na yeye si mtu wa kugeuza maneno yake. Cherehani ikaja kwa mkokoteni. Shemeji na Lami waliibeba kuiingiza ndani, mmoja mbele mmoja nyuma, nami nikiwaelekeza. Wakaiweka katikati. Wakatoka. Mke wangu akasimama kando yake, mkono juu ya meza ya cherehani, akaiweka gololi sakafuni.

Ikanijia.

Akavuta pumzi. Akaniomba nitoke nje kidogo, nisimame ukingoni. Nikatoka. Akasema kutoka ndani kwamba imesimama. Nikauliza imesimama kabisa? Kabisa. Sasa, fundi gani huamini kipimo ambacho hajakiona? Nikaingia. Ikabingirika. Akaniambia nitoke. Nikatoka. Imesimama. Nikaingia. Mbio, ikanijia! Mara tatu. Lami alikuwa amekaa juu ya mtumbwi uliofudikizwa, anauma mdomo wake wa chini. Shemeji alikuwa anaangalia mawingu.

Mke wangu akaniuliza, kwa upole, kama nimeelewa sasa.

Nikaelewa! Nilielewa papo hapo, na nikashangaa sikuliona mapema. Kila ninapokanyaga kizingiti ndipo nyumba inapopinda. Kizingiti ni dhaifu. Kinahitaji uzito.

Sikumwambia. Nilitaka akute imekwisha. Akaenda na kaka yake kuchukua vyungu na masufuria. Mimi nikaenda na toroli. Jiwe la 20. Jiwe la 21. Lami akasimama, akaniita mzee wangu, akasema inatosha. Jiwe la 22 ndilo lililokuwa zuri kuliko yote, la pembe, limechongwa. Nikaliweka kizingitini.

Nyumba ikashusha pumzi. Sina neno jingine. Maji yakapanda juu ya matofali na kuingia ndani taratibu, kwa adabu, kama mgeni anayebisha hodi.

Cherehani!

Nikaikumbatia. Siwezi kuogelea lakini sikuwaza kuogelea, niliwaza mama mkwe, Mungu amrehemu, aliyenikabidhi binti yake na mashine yake siku moja. Nikaiinua, ikaniinamisha. Maji vifundoni. Ndipo Lami akaruka ndani na nguo zake zote, akaingiza bega chini ya meza, tukaitoa pamoja mlangoni, tukaiweka mchangani. Imelowa miguu na kanyagio tu. Juu kukavu.

Nikarudi ndani kuokoa gololi. Nyumba ikateremka taratibu mpaka chini, ikakalia mchanga. Pale maji ni ya kiunoni tu. Ikakaa.

Mke wangu alikuwa amefika, masufuria kichwani. Alisimama ukingoni. Hakupiga ukunga. Akayashusha masufuria, moja moja, akayapanga mchangani.

Halafu, sijui kwa nini, mkono wangu ukaingia mfukoni. Nikatoa pimamaji, nikaiweka kwenye kizingiti cha dirisha.

Kipovu katikati.

Nikaenda kushoto, maji yakinifika magotini. Katikati. Nikaenda kulia. Katikati! Nikaruka. Katikati kabisa, kipovu kimeganda kama kimepigiliwa msumari! Nikatoa kichwa dirishani nikamwita mke wangu kwa sauti yangu yote, nikamwambia imenyooka. Imenyooka!

Aliniangalia kwa muda mrefu. Sijawahi kuangaliwa hivyo na mtu. Kisha akamwambia kaka yake wapakie cherehani kwenye mkokoteni, na akaufuata nyuma, mkono wake juu ya meza ya cherehani, mpaka wakapotea nyuma ya tanuri.

Gololi nilikuwa nimeishika.

Ijumaa, 27 Juni

Niko peke yangu kwenye vyumba vya zamani. Siku tatu zimebaki. Pale ilipokuwa cherehani kuna alama nne za miguu yake kwenye sakafu. Nimezitazama leo kutwa. Nimezipima pia. Ziko sawa.

Kimya cha nyumba hii hakivumiliki. Miaka thelathini na nne, kila mchana, kile kishindo cha kanyagio. Sikujua kuwa nilikuwa nakisikiliza. Naogopa, na nimeandika neno hili kwa sababu hakuna atakayelisoma. Naogopa kwamba akizoea buluu hatanikumbuka.

Mchana shemeji akaja. Akakataa kukaa. Akasema ujumbe wake huku akiangalia viatu: dada yake anasema nafasi yangu ipo. Sharti, nije na nguo zangu, nisije na mawe. Nikauliza anaendeleaje. Akasema anaipaka cherehani mafuta mara mbili kwa siku na haina kutu. Lakini hajashona. Ameketi nayo tu.

Kisha shemeji akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Akasema kwamba mwaka ule alipojenga hakuniita kwa sababu dada yake alimwomba asiniite. Alimwambia kwamba mimi nikianza nyumba nyingine hataniona tena mwaka mzima. Shemeji alikubali lawama yangu kwa miaka kumi na mmoja ili mimi nisijue.

Nikamwambia nitafikiria. Nilikuwa nimeshafikiria kabla hajafika kwenye kona.

Jumatatu, 30 Juni

Kwa shemeji. Ndani.

Funguo nimezirudisha. Mwenye nyumba alivua kofia, tukashikana mikono, nikawaona wajukuu wake watatu mlangoni wakisubiri na mabegi. Wapate raha.

Nimeingia hapa na sanduku moja la nguo. Mke wangu alilifungua mwenyewe. Akainua shati moja moja, akatikisa, akatafuta. Hakukuta jiwe. Pimamaji ilikuwa kwenye soksi niliyovaa.

Vyumba ni buluu kweli. Buluu nzuri. Sikukagua kitu. Nimekagua mlango tu, na lenta iliyo juu yake, na pembe ya kaskazini. Huyo mwashi mwingine hakuwa mbaya sana. Walipokuwa wote uani, nikatoa gololi nikaiweka sakafuni. Ikatulia. Nikaizunguka. Ikatulia. Nikapiga mguu chini. Wapi! Imeharibika, masikini. Maji ya mto yameipata.

Mke wangu akaingia, akaiona, akaiokota. Akairudisha kwenye droo. Kisha akavuta kiti akakiweka mbele ya cherehani, akaniambia nikae. Nikakaa. Akachukua kitambaa, akaweka mguu kwenye kanyagio.

Akaanza kushona! Kishindo kile! Akashona tangu saa nne mpaka jua likainama dirishani. Mimi kwenye kiti, kitabu hiki magotini, kalamu ya shemeji mkononi. Kila akiinua macho ananikuta nipo. Tunatabasamu. Anainama tena.

Jioni akasimamisha gurudumu kwa kiganja. Akasema, bila kunitazama, akikunja kitambaa, kwamba tangu tuoane hii ndiyo siku ya kwanza nimekaa naye kutwa nzima bila kunyanyuka. Kwamba hiki tu ndicho alichokuwa anakitaka, nyumba ni nyumba tu. Akajipangusa macho kwa kitambaa kile. Na mimi machozi yakanilenga, haki ya Mungu, si ya uongo. Nikamshika mkono. Ulikuwa wa moto kwa kazi.

Sikumwambia nilikuwa nachora nini.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na mimi sitasubiri kupewa. Ghorofa moja. Mapipa ishirini. Mawe arobaini, yatiwe kabla ya kushushwa majini, ili kusiwe na kupoteza muda. Kozi mbili za matofali. Kuta za buluu, safari hii nimekumbuka. Cherehani juu, dirishani, ielekee maji, na kando yake kiti chake mke wangu, chenye mto laini, kwa sababu ya mgongo wake.

Kiti kimoja kinatosha. Mimi nitakuwa napima.